Kutoka Miliampea Nne Hata Ishirini: Bodi ya Kusoma Kina cha Tangi

Miongoni mwa kazi ambazo mitambo imewapokonya wanadamu, na wanadamu wakashukuru kupokonywa, ni ile ya kupanda ngazi ya tangi la maji asubuhi na jioni, kufunua mfuniko wake, na kutumbukiza ufito wenye alama ili kujua maji yaliyosalia. Katika matangi mengi ya miji, ya viwanda na ya mashamba makubwa, kazi hiyo sasa imekabidhiwa kihisio, nacho ni silinda ndogo ya chuma kisichoshika kutu ambayo hushushwa hadi sakafu ya tangi ikining'inia kwa kebo yake, ikapima kanieneo ya maji yaliyo juu yake, kisha ikakitangaza kina cha maji hayo kwa mkondo wa umeme: miliampea 4 tangi likiwa tupu, miliampea 20 likiwa limejaa pomoni, na baina ya mipaka hiyo miwili kila kina na kiasi chake cha mkondo.

Walakini kompyuta ndogo iliyo chini katika nyumba ya pampu, ambayo ndiyo inayopaswa kuamua saa ya kuiwasha pampu na saa ya kuizima, haiwezi kupima mkondo; yenyewe hupima volteji tu. Ili viwili hivyo viafikiane hapana budi pawepo bodi ya saketi inayoupokea mkondo upande mmoja na kuitoa volteji upande wa pili. Rai yangu, ambayo nitajaribu kuitetea kwa hesabu, ni kwamba kugeuza mkondo kuwa volteji ni kazi ya rezista moja, ambayo hata mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya kwa dakika chache. Ustadi wa mbuni hudhihirika katika mambo yanayoizunguka rezista hiyo, ambayo yakipuuzwa bodi haizimiki ikajulikana kuwa imezimika, bali huendelea kutoa habari, na habari zake zikawa za uongo.

Ili maneno yasielee hewani, na tuchukue tangi moja la zege lililojengwa kilimani, mita 300 kutoka nyumba ya pampu, lenye sakafu ya mita 4 kwa mita 5 na kina cha mita 5, yaani tangi la lita laki moja. Hesabu zote zifuatazo ni za tangi hilo.

Mtu aweza kuuliza, na swali lake ni la haki, kwa nini kihisio kisitoe volteji tangu awali, tukaepukana na udhia wa kugeuza. Jibu limo katika zile mita 300. Volteji inayosafiri katika waya mrefu hupungua kidogo kwa sababu ya ukinzani wa shaba, na kidogo tena katika kila kiungo kilichoshika kutu. Na hata mpokeaji akijitahidi asivute mkondo wowote ili upungufu huo usitokee, waya mrefu usiopitisha mkondo hugeuka kuwa antena, ukadaka mvumo wa nyaya za pampu na cheche za swichi zilizo jirani. Mkondo hauna udhaifu huo. Kihisio huvuta kutoka katika chanzo cha volti 24 kiasi kile kile kilichokusudiwa, waya uwe na ukinzani mdogo au mkubwa, nacho kiasi hicho huzunguka kutoka chanzoni hadi kihisioni na kurudi chanzoni bila kupungua hata chembe. Ni mfano wa tasbihi: ukiivuta punje moja, punje zote nyingine husogea kwa kadiri ile ile, uzi uwe mfupi au mrefu, wala haiwezekani punje kumi zipite mkono wa kuume na tisa zipite mkono wa kushoto. Gustav Kirchhoff aliiweka kanuni hiyo katika maandishi mwaka 1845, nayo ndiyo inayomruhusu fundi kukata waya mahali popote apendapo katika mzunguko, akaingiza kipimo chake hapo, na kusoma jambo lile lile.

Nambari zenyewe, 4 na 20, zina nasaba. Kabla ya umeme kutamalaki viwandani, habari za vipimo zilisafirishwa kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya mabomba membamba, ikianzia ratili 3 kwa inchi ya mraba hata ratili 15. Na transista zilipoenea, katika miaka ya 1950 na 1960, uwiano ule ule wa moja kwa tano ukarithiwa na mkondo. Waliouchagua uwiano huo walikuwa na busara kubwa, maana sifuri ya kipimo hawakuiweka kwenye sifuri ya umeme. Tangi tupu lina miliampea 4. Waya uliokatwa na jembe, au uliong'olewa na mwizi wa shaba, una miliampea 0. Lau tangi tupu lingetangazwa kwa sifuri, basi usiku ule waya unapokatwa kompyuta ingedhani kwamba maji yamekwisha, ingeiwasha pampu, na pampu ingevuta maji hadi asubuhi huku tangi likifurika na kumomonyoa kilima. Fauka ya hayo, zile miliampea 4 zisizokoma ndizo zinazokilisha kihisio chenyewe, kikaweza kuishi kwa nyaya mbili tu, bila ya kuhitaji waya wa tatu wa kukipelekea nguvu.

Jumuiya ya Wajerumani iitwayo NAMUR, inayowaunganisha watumiaji wa mitambo ya kupimia viwandani, iliongeza sharia moja yenye manufaa katika pendekezo lake nambari NE 43: kipimo halali kikae baina ya miliampea 3.8 na 20.5, na kihisio kikitambua kwamba chenyewe kimeharibika, kiushushe mkondo hadi 3.6 au chini yake, au kiupandishe hadi 21 au zaidi. Msomaji aziweke nambari hizo akilini, kwa kuwa wabunifu wengi wa bodi huzisahau, na usahaulifu huo huanzia kwenye uchaguzi wa ile rezista moja.

Georg Ohm alitufundisha mwaka 1827 kwamba volteji juu ya rezista ni mkondo uzidishwe kwa ukinzani. Vitabu karibu vyote husema: weka omu 250, upate volti 1 tangi likiwa tupu na volti 5 likiwa limejaa, na kwa kuwa kompyuta ndogo nyingi za bei nafuu, mathalani Arduino Uno, husoma kutoka sifuri hadi volti 5, hesabu hiyo huonekana imekaa sawasawa. Kumbe ubaya wake ni kule kukaa sawasawa mno. Kihisio kikiharibika na kuupandisha mkondo hadi miliampea 21 ili kupiga ukelele wa hatari, volteji inakuwa 5.25, na kompyuta, isiyoweza kuona kitu chochote kilichopita 5, husoma kwamba tangi limejaa. Pampu inabaki imezimwa, mji unakosa maji, na skrini inaonyesha tangi lililojaa. Mbuni mwenye hadhari huacha nafasi juu ya kilele cha kipimo, kama anavyoiacha chini yake.

Kwa sababu hiyo mimi napendekeza omu 180, ambayo hupatikana madukani bila ya taabu. Kwa miliampea 4 hutoa volti 0.72, na kwa miliampea 20 hutoa volti 3.6. Kompyuta ipewe volteji ya marejeo ya volti 4.096 kutoka katika kipande maalumu, mfano wa LM4040, badala ya kuachiwa ijilinganishe na umeme unaoiendesha. Na kwa kuwa Arduino Uno huigawanya volteji yake ya marejeo katika vidato 1,024, kila kidato kinakuwa milivolti 4 kamili. Hapo hesabu hujipanga kwa namna ya kupendeza: tangi tupu ni kidato cha 180, tangi lililojaa ni kidato cha 900, na kila miliampea moja ni vidato 45. Kusoma kina, toa 180, gawanya kwa 720, zidisha kwa mita 5. Kidato cha 162 au kilicho chini yake ni dalili ya waya uliokatika au kihisio kilichokufa. Cha 945 au kilicho juu yake ni ukelele wa kihisio. Hakuna tena hali ambayo ubovu waweza kuvaa sura ya uzima.

Kidato kimoja katika tangi letu ni sawa na karibu milimita 7 za maji, au takriban lita 140. Mwenye kutaka undani zaidi aweza kununua kigeuzi cha nje chenye biti 16, kama ADS1115, akapata sehemu za milimita. Lakini uso wa maji hutikiswa na bomba linaloingiza kwa zaidi ya milimita hizo 7, na undani wa namna hiyo, kwa tangi la maji, ni anasa.

Ubora wa rezista si anasa. Rezista ya kawaida, ambayo muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue atakuhesabia kwa konzi bila ya kuangalia, hukubalika hata ikiwa imekosea kwa asilimia 1. Nayo asilimia 1 hiyo, tangi likiwa limejaa, ni lita 1,250 zilizotajwa ilhali hazipo, au zilizopo ilhali hazikutajwa. Iliyo na kosa la asilimia 0.1 hupunguza hasara hiyo hadi lita 125. Kuna fundi atakayesema kwamba kosa la kudumu hurekebishika kwa hesabu ndani ya programu, naye atakuwa amesema kweli. Lisilorekebishika ni lile linalopanda na kushuka pamoja na jua. Rezista ya kawaida hubadilika kwa sehemu 100 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto; ndani ya kisanduku cha bati kilichopigwa na jua la mchana, joto likipanda kwa nyuzi 30 kupita alfajiri, kipimo cha tangi lililojaa kinahama kwa lita 375, na usiku kinarudi, na mwenye tangi atashuku kwamba kuna mtu anayemwibia maji mchana. Iliyo bora, ya sehemu 25 katika milioni, hupunguza uhamaji huo hadi lita zisizofika 100. Kwa kipimo hicho hicho, ile tabia ya kujilinganisha na umeme unaoiendesha kompyuta haiwezi kutetewa: kidhibiti maarufu cha 7805 huhesabiwa kuwa kizima hata kikitoa volti 4.8 au 5.2, na tofauti ya asilimia 4 namna hiyo ni lita 5,000 katika tangi letu.

Baada ya rezista huja hesabu ya bajeti, na hapa ndipo wengi wanaofunga mitambo ya jua huanguka. Kihisio cha nyaya mbili hakifanyi kazi mpaka kibakiwe na volti za kutosha baina ya nyaya zake, aghalabu 10 au 12, baada ya rezista na kebo kuchukua sehemu zao. Kebo yetu ya mita 300, kwenda na kurudi mita 600, ikiwa na shaba ya milimita mraba 0.5, ina ukinzani wa omu 21 hivi. Kwa miliampea 20, rezista hula volti 3.6 na kebo hula volti 0.42, chanzo cha volti 24 hubakiza karibu volti 20 kwa ajili ya kihisio, na mambo huwa shwari. Sasa mfikirie mtu aliyekiunga kihisio kinachohitaji volti 10 moja kwa moja na betri ya jua ya volti 12. Siku ya majaribio tangi lina maji kidogo, mkondo ni mdogo, kila kitu husoma sawa, naye hulipwa ujira wake na kwenda zake. Maji yanapopanda, mkondo nao unatakiwa upande, na kadiri unavyopanda ndivyo rezista na kebo zinavyokipunja kihisio. Kufika karibu miliampea 10 volti zimekwisha. Tangi hilo halitaonyesha kupita mita 1.9 milele, hata likifurika. Dawa yake ni kigeuzi kidogo cha kupandisha volti 12 hadi 24, ambacho si ghali wala si adimu.

Kisha kuna maadui wa nje. Wa kwanza ni fundi mwenyewe, ambaye siku moja, kwa haraka au kwa giza, ataunga volti 24 moja kwa moja kwenye viunganishi vya bodi bila ya kihisio katikati. Mkondo wa miliampea 133 utapita katika omu 180, nao utazalisha joto la wati 3.2 ndani ya rezista iliyozoea wati 0.07, na rezista ya robo wati itatoa moshi. Hivyo kabla ya rezista huwekwa fyuzi inayojirejesha, ya miliampea 50, na kwa kuwa fyuzi za namna hiyo huchelewa kuamka, rezista yenyewe ichaguliwe ya wati nyingi kuliko mahitaji yake. Ukinzani wa fyuzi hauharibu kipimo, maana mkondo ni ule ule kabla yake na baada yake. Hula tu sehemu ndogo ya volti za bajeti.

Adui wa pili ni radi. Waya wa mita 300 uliolazwa kilimani hukusanya mshtuko hata wa radi iliyopiga mbali, na ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi kwa wingi. Mahali waya unapoingia kwenye bodi, huwekwa dayodi maalumu ya kumeza mshtuko, inayokaa kimya hadi volti 33 na kufunguka ghafla zinapozidi, ikiuteremsha mshtuko ardhini kwa njia fupi na pana. Ikiwa njia hiyo ya ardhi ni waya mwembamba uliozungushwa misumari mitatu ndipo ukafika kwenye fimbo ya ethi, dayodi haitafaa kitu. Nyuma yake, kuelekea kompyuta, huwekwa rezista ya omu 10,000, ambayo hata volti 24 kamili zikifika hapo kwa bahati mbaya itapitisha mkondo usiofika miliampea 2, kiasi ambacho dayodi ndogo za kulinda mlango wa kompyuta huweza kukibeba.

Rezista hiyo ya omu 10,000 hufanya kazi ya pili ikishirikiana na kapasita ya mikrofaradi 1: huchuja mvumo. Umeme wa kwetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na kichujio hicho huupunguza mvumo wake hadi chini ya theluthi moja. Kinachosalia humalizwa na programu, kwa kusoma mara nyingi ndani ya muda wa milisekunde 200, ambazo ni mitetemo 10 kamili, na kuchukua wastani. Kilichopanda na kilichoshuka hufutana. Kapasita hiyo iwe ya plastiki au ya kauri. Zile za mtungi wa alumini huvujisha mkondo mdogo, na mkondo wa mikroampea 1 ukipita katika omu 10,000 ni milivolti 10, yaani vidato viwili na nusu vilivyopotea bila ya mtu kujua vilikokwenda.

Baadhi ya wabunifu huongeza amplifaya baina ya kichujio na kompyuta, ili kompyuta isiisumbue kapasita kila isomapo, nami sina neno dhidi yao maadamu wachague amplifaya inayofaa. LM358 hupatikana kila duka, kwa bei ya chini kabisa, na kwa sababu hiyo huwekwa kila mahali. Lakini ikiendeshwa kwa volti 5, haiwezi kutoa zaidi ya volti 3.5 hivi, na kilele chetu ni 3.6. Tangi litajaa, maji yataanza kumwagika, na skrini itang'ang'ania mita 4.8; na ikiwa programu imeamriwa kuizima pampu kwenye mita 4.9, pampu haitazimwa kamwe. Hitilafu hiyo ni ya hila, kwa sababu kipimo huwa sahihi kabisa katika kila kina isipokuwa kile ambacho kwa ajili yake bodi ilitengenezwa. MCP6002, au nyingine yoyote yenye kufikia volti za chanzo chake juu na chini, huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo ya ziada.

Zipo pia bodi zinazotumia kipande kimoja kilichokamilika, kama RCV420, kinachoupitisha mkondo katika omu 75 tu na kuzigeuza miliampea 4 hadi 20 kuwa volti 0 hadi 5 kamili. Kazi yake ni nzuri, na hufaa hasa pale ambapo wapokeaji wawili au watatu wamepangwa katika mzunguko mmoja, na bodi yako haipo chini kabisa kwenye upande wa hasi. Kwa tangi moja na mpokeaji mmoja, hata hivyo, naiona kuwa gharama isiyo na faida. Na kule kuianzisha volteji kwenye sifuri kunatupokonya ile hekima ya waasisi, kwani waya uliokatika utahitaji kutambuliwa kwa volteji ya chini ya sifuri, ambayo kompyuta ya kawaida haiioni.

Kuhusu kuichora bodi yenyewe, zana hazikosekani. Programu ya KiCad, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras huko Ufaransa, hutolewa bure kwa kila mtu na yatosha kwa kazi kubwa kuliko hii. Fundi huchora kwanza mchoro wa maana, unaoonyesha kipi kimeungwa na kipi, kisha huchora njia za shaba kama zitakavyolala juu ya ubao wa nyuzi za kioo wenye unene wa milimita 1.6 na ngozi ya shaba ya mikroni 35. Faili likikamilika hupelekwa kwa watengenezaji, ambao wengi wao wapo Shenzhen, Uchina. Au ubao huchomwa nyumbani kwa kloridi ya feri, kwa kanuni isiyotofautiana sana na ile ya Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna, aliyetengeneza redio yenye saketi ya kuchapwa mjini London mwaka 1936.

Katika kuchora, jambo moja lina uzito kuliko mengine yote, nalo ni njia ya kurudia, yaani ule upande wa hasi ambao wachoraji wengi huuona kuwa ni ardhi tu, usiostahili kufikiriwa. Chukua bodi yenye rilei ya kuiwasha pampu, ambayo koili yake huvuta miliampea 70. Mchoraji ameirudisha hasi ya rilei na hasi ya rezista yetu katika njia moja nyembamba, yenye upana wa milimita 0.3 na urefu wa sentimita 9. Njia hiyo ina ukinzani wa karibu omu 0.15, kitu ambacho mita ya kawaida haitakionyesha kwa uhakika. Lakini rilei inapovuta, milivolti 10 huzuka juu yake, na kompyuta, ambayo hupima kutoka mwisho mbaya wa njia hiyo, huona maji yamepanda kwa karibu sentimita 2. Lita 360 na kitu huzuka kutoka ghaibu kila pampu inapowashwa, na hutoweka kila inapozimwa. Nimeona watu wakikibadilisha kihisio kizima kwa sababu ya jambo hilo. Tiba yake haigharimu hata senti: rilei ipewe njia yake pana hadi kwenye kiunganishi cha chanzo, na volteji ya rezista ichukuliwe kwa njia mbili za peke yake, zinazoanzia kwenye miguu yenyewe ya rezista na zisizobeba mkondo wa kitu kingine chochote.

Mazingira yetu nayo yana madai yake. Pwani hewa ni ya chumvi na unyevu, na njia mbili za shaba zilizo karibu huanza kuvujishiana kabla ya mwaka kwisha. Bodi ipakwe vanishi ya kuhami baada ya kulehemiwa na kusafishwa masalia ya dawa ya kulehemu. Bara adui ni mavumbi, na kila mahali ni wadudu na mijusi, ambao hupenda joto la kisanduku chenye umeme na huingia kwa tundu lolote lililoachwa wazi. Vizibo vya mpira vya kupitishia kebo si mapambo. Tena ile kebo ya kihisio ina mrija mwembamba ndani yake, unaokipelekea kihisio hewa ya nje ili kisichanganye kanieneo ya hewa na ya maji. Mrija huo usizibwe kwa gundi wala usiachwe mahali pa kuingia mvua.

Bodi ikiisha kulehemiwa isipelekwe tangini kabla ya kujaribiwa mezani, na jaribio halihitaji chombo cha ghali. Chukua chanzo cha volti 24 na multimita iliyowekwa kwenye miliampea, uziunge mfululizo na bodi, kisha mahali pa kihisio uweke rezista ya omu 5,600, baadaye ya omu 1,800, na mwisho ya omu 1,000, iwe ya nusu wati hiyo ya mwisho kwa sababu itapata moto. Utapata mikondo iliyo karibu na 4, 12 na 20. Haidhuru isiwe nambari hizo kamili, maadamu multimita inakuambia mkondo halisi. Kila mara uzidishe mkondo huo kwa 45 na uulinganishe na kidato ambacho kompyuta imesoma. Rudia jaribio rilei ikiwa imevuta, kisha likatize kwa makusudi kwa kuung'oa waya mmoja, uone kama kengele ya hatari italia. Ikiwa multimita yaonyesha miliampea 12.1 na kompyuta yaonyesha 544 au 545, rilei ikiwa imevuta na ikiwa imeachia, na kengele ikalia mara tu waya ulipotoka, funga kisanduku uipeleke bodi yako kazini.